Kiti Kando ya Friji

Kwa watu wa Thamesmead, ule ulikuwa msimu ambao timu yetu ilishinda kila Jumamosi. Hivyo ndivyo wanavyoukumbuka, na sina nia ya kuwanyang'anya kumbukumbu hiyo. Kwangu ulikuwa msimu ambao baba yangu aliugua Dar es Salaam nami nikiwa London, na nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: nimkute hai. Mambo hayo mawili yalikutana katika sebule moja, juu ya kiti kimoja cha plastiki, na mpaka leo nimeshindwa kuyatenganisha.

Nilikuwa katika mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu katika sheria. Utafiti wangu unahusu ushahidi wa mazingira, yaani namna mahakama inavyofikia hukumu pale ambapo hakuna aliyeliona tendo lenyewe, bali zipo ishara zinazolizunguka. Nilipanga chumba Kingsbury, juu ya duka la viungo la mama mmoja wa Kihindi mzaliwa wa Tanga, ambaye kila asubuhi aliniuliza kama nimekula na kila jioni alinikumbusha nisikaange samaki. Ukimtoa yeye na msimamizi wangu wa masomo, wiki nzima ingeweza kupita bila mimi kuzungumza na mtu. Kwa hiyo kila Jumamosi nilivuka London kutoka upande mmoja hadi mwingine, nikashuka Abbey Wood, nikapanda basi hadi kwa dada.

Dada huyo si ndugu yangu wa damu. Ni muuguzi, mtu wa Dar kama mimi, aliyenikuta kwenye futari mwezi nilipofika na kunihesabu mdogo wake wa kike bila kuniuliza. Mume wake, ambaye kwa sababu hiyo nilimwita shemeji, alikuwa dereva wa basi. Flati yao ilikuwa ghorofa ya tatu, na ndiyo waliyokusanyikia Watanzania wa upande ule kuangalia mechi za nyumbani. Mechi zilianza saa kumi jioni kwa saa za Dar, ambayo majira ya baridi huwa saa saba mchana London. Shemeji aliunganisha simu yake na televisheni kwa waya, na picha ilikuja ikikatika, kiasi kwamba mara nyingine mpira ulitoka kwa golikipa wetu na kuonekana tena ukiwa tayari kwenye nyavu za wenzetu.

Siku yangu ya kwanza sebule ilikuwa imejaa. Nikaletewa kiti cha plastiki kutoka kwenye baraza, nikawekwa kando ya friji, pale jiko linapokutana na sebule, ambapo niliona theluthi mbili tu za skrini. Timu iliyokuwa imeuanza msimu vibaya ikashinda. Jumamosi iliyofuata nilikaa kwenye sofa kama mtu mwingine yeyote, na kabla ya mapumziko tulikuwa nyuma kwa bao moja. Shemeji alisimama, akazunguka chumba kwa macho, akaja kuniinamia.

"Dokta, wiki iliyopita ulikaa wapi?"

"Pale kando ya friji."

"Sasa hapa unafanya nini?"

Nikahama. Tukashinda. Tangu siku hiyo ikawa sheria.

Kila shabiki wa kwetu anajua kamati ya ufundi ni nini: wale watu wa timu wasioshughulika na mpira wenyewe bali na mambo yasiyoonekana, ambao hakuna kiongozi anayekiri kuwa wapo na hakuna mechi kubwa inayochezwa bila wao. Shemeji alijiteua mwenyekiti wa kamati ya ufundi ya Thamesmead. Alivaa soksi zilezile. Chai haikumiminwa mpaka kona ya kwanza ipigwe. Mtu aliyefika akaikuta timu bado haijafungwa alitakiwa kubaki koridoni mpaka mapumziko, na nimemwona mzee mwenye heshima zake akisikiliza dakika arobaini za mpira akiwa kati ya makoti. Ilikuwa marufuku kutaja kwa sauti tumeshinda mechi ngapi mfululizo. Nami nilikuwa wa kitini. Sikuruhusiwa kunyanyuka mpaka filimbi ya mwisho, isipokuwa wakati wa mapumziko.

Siwezi kusema sikufurahia. Mtu aliyezoea kuwa si wa lazima popote hupata joto fulani anapoambiwa kwamba watu kumi na kitu hawawezi kuanza bila yeye.

Alikuwepo pia mtani wetu. Alishabikia ile timu nyingine, wapinzani wetu wa jadi, na alikuja kila Jumamosi kwa makusudi ya kutukanwa. Alikuwa mtu mzima mwenye upara, mhasibu wa ofisi fulani, Mkristo wa Moshi aliyekula pilau ya dada kuliko Waislamu wote waliokuwemo.

"Nyie watu mmeroga mpaka friji," alisema siku moja, akilifungua kutafuta maji. "Ona. Hata maziwa yameganda kwa hofu."

"Funga mlango, unapitisha mikosi," shemeji akamwambia.

"Mikosi? Mimi ndiye kafara yenu. Siku nisipokuja mtafungwa na timu ya shule ya msingi."

"Kaa chini, mtani. Timu yako ikishinda tutakuamsha."

"Dokta, na wewe msomi mzima! Huko chuoni wanajua kwamba unacheza namba kumi na mbili?"

"Anacheza namba ya friji," dada akadakia kutoka jikoni, na nyumba nzima ikacheka.

Baba naye alikijua kile kiti. Alikuwa karani mstaafu wa reli, na timu ile niliirithi kwake kama wengine wanavyorithi shamba. Moyo wake ulikuwa umechoka. Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa, na sikupewa mengine. Alilala na redio kando ya mto. Kila mapumziko nilitoka kwenye kiti, nikasimama kwenye baraza, nikampigia.

"Kiti je?" angeuliza kabla hata ya salamu.

"Nimekaa, baba."

"Nimesikia walinzi wetu wanacheza kama wamekopeshwa miguu. Sasa wewe usije ukatikisika. Kaa hapo hapo, mwanangu, usinyanyuke."

Jumamosi baada ya Jumamosi sauti yake ilipungua, ila sentensi hiyo haikubadilika. Niliisimulia Thamesmead, na shemeji akaipenda mno. Akawa anairudia kila kipindi cha pili kikianza, akiigiza sauti ya mzee wa reli: "Usinyanyuke!" Sikuona ubaya wake wakati huo.

Nilitaka kurudi mapema. Baba alikataa. Nilikuwa na uwasilishaji mbele ya jopo, ule unaoamua kama mtafiti aendelee au arudishwe nyuma, na alisema nisipande ndege kabla ya hapo. Uwasilishaji ulikuwa Ijumaa. Tiketi nilikata ya Jumatatu. Mama na baba mdogo waliniambia mgonjwa hajambo, ananisubiri. Sasa najua hakuwa hajambo, lakini kwa hilo siwalaumu. Ni desturi yetu: aliye mbali na mwenye mtihani hapewi habari nzito mpaka auweke chini mzigo alionao. Nimeona watu wakifichwa hivyo, na nilipokuwa mdogo nimeshiriki kuwaficha. Desturi hiyo ina mipaka yake, na mipaka yake ndiyo ninayoizungumzia. Ijumaa jioni mzigo wangu ulikuwa chini. Jopo lilinipitisha.

Jumamosi asubuhi dada alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya upole kupita kawaida.

"Utakuja leo, mdogo wangu?"

"Nakuja, dada. Kwani vipi?"

"Hamna. Njoo tu. Vaa nguo nzito, kuna baridi."

Nikajifunga mtandio wa sufu alioninunulia baba siku ya safari, rangi ya zambarau, ambao nilivaa kila Jumamosi kwa sababu kando ya friji hapakuwa na joto. Nikavuka London.

Naomba niyapange niliyoyaona kama ningeyapanga mbele ya hakimu. Mlangoni palikuwa na viatu vingi kuliko siku zote, na vingi vilikuwa vya kike. Jikoni palikuwa na sufuria kubwa, lile la kuazima, na wali ulikuwa umeshaiva na kufunikwa. Chumbani mlango ulikuwa wazi kidogo, na ndani niliona wanawake wamekaa chini, wamejifunga khanga, wanawake ambao sikuwahi kuwaona wakija kwa ajili ya mpira. Walipoona naangalia, mmoja akausukuma mlango kwa mguu. Na mtani wetu, ambaye hakuwahi kuniona bila kunichokoza, alinyanyuka akanipa mkono. Akakaa, akamenya chungwa polepole, akaniletea lote kwenye sahani.

"Leo vipi, mtani?" nikamwuliza. "Umeishiwa matusi?"

"Kula, mama," akasema, akaangalia pembeni.

Mimi ambaye nimesoma miaka yote hiyo namna ya kuunganisha ishara na tendo, nilitazama viatu, wali, khanga na chungwa, nikahitimisha kwamba kuna mtu anaolewa. Nilidhani wanawake walikuwa wanapanga sherehe. Shemeji akapiga makofi mawili.

"Jamani, kila mtu mahali pake. Dokta, kiti."

Nikakaa.

Tulicheza na timu iliyokuwa mkiani mwa ligi. Nasisitiza hilo kwa sababu ingekuwa mechi na watani ningejaribu kuelewa. Mpaka mapumziko hakuna aliyefunga. Sebule ilikuwa kimya kwa namna ambayo niliichukulia kuwa wasiwasi wa mchezo. Nikatoka kwenda barazani, nikapiga namba ya baba. Simu ikapokelewa haraka, na kabla sijasema neno, baba mdogo akaanza, kwa sauti ya chini.

"Tupo hapa, mama. Wamekuja watu wengi sana, wengi mno. Wewe jikaze. Tukirudi nyumbani nitakupigia."

Akakata. Nyuma yake nilisikia sauti za wanaume, wengi kweli, wakizungumza kwa kupokezana, na kitu kikikwangua mchanga, kikitua, kikikwangua tena. Nikadhani majirani wamekusanyika nje kusikiliza mechi na mtoto anachezea kokoto. Nikarudi ndani.

"Baba anasemaje?" shemeji aliniuliza. Aliuliza hivyo. Nimerudi kwenye swali hilo mara nyingi, nikalitafutia tafsiri njema, na sijaipata.

"Baba mdogo amepokea. Kuna watu wengi pale."

"Haya. Basi usinyanyuke."

Safari hii hakuigiza sauti. Mtani alisimama ghafla, akatoka barazani, akafunga mlango wa kioo nyuma yake, na akabaki huko kwenye baridi bila koti kipindi chote cha pili.

Tulifunga dakika za mwisho. Picha iliganda, ikarudi, na mpira ulikuwa ndani. Niliruka. Nilipanda juu ya kile kiti cha plastiki na kupiga kelele, na dada akanikumbatia miguuni huku akilia, nami nikamcheka: "Dada nawe, bao moja tu!" Chumba kizima kilishangilia. Nataka hilo lieleweke bila kupambwa. Wote walijua, na wote walishangilia.

Filimbi ikapigwa. Shemeji akazima televisheni, akachomoa waya, akauzungusha mkononi taratibu mpaka ukaisha. Wanawake wakatoka chumbani.

"Dokta," akasema. "Kaa tena."

Baba alifariki kabla ya alfajiri. Walimzika baada ya sala ya alasiri, na alasiri ya Dar siku ile ilikuwa muda mfupi kabla ya mpira kuanza. Wakati mapumziko yanaingia ndipo walipokuwa wanafukia. Sauti niliyoisikia ilikuwa ya majembe.

Niliuliza swali moja, na nililirudia mpaka nikajibiwa.

"Mlijua tangu lini?"

"Mdogo wangu, kunywa maji kwanza."

"Dada, tangu lini?"

"Baba yako mdogo alinipigia asubuhi. Baada ya sala. Hakutaka upate habari ukiwa peke yako kule chumbani. Tulitaka watu wakusanyike."

"Walikusanyika saa ngapi?"

Akamwangalia mumewe. Wali ulikuwa umeiva nilipoingia; khanga zilikuwa zimeshafungwa. Walikuwa wamekamilika kabla ya mpira kuanza, na kila mmoja chumbani mle alilijua hilo.

"Baba yako alikuwa mtu wa timu," shemeji akasema, akitazama zulia. "Mwenyewe si alikuwa anakwambia usinyanyuke? Tuliona angependa."

Nilikuwa naogopa kwamba ningemjibu kwa Kiingereza, lugha ninayotumia ninapotaka kumwumiza mtu bila kupandisha sauti, na walikuwepo wazee. Waliniwekea wali mbele. Waliniombea dua ndefu na nzuri. Tiketi yangu ilirudishwa nyuma hadi Jumapili kwa simu tatu au nne, na mtani akasema atanipeleka uwanja wa ndege kesho yake asubuhi. Nilisahau mtandio kwenye kiti.

Ndani ya gari hakufanya utani hata kidogo. Tulipokuwa tunakaribia uwanja, akazungumza bila kugeuka.

"Niliwaambia. Nataka ujue hilo. Niliwaambia aambiwe akiingia tu, apige simu, awasikie wakati wa mazishi, aage hata kwa masikio."

"Wakasemaje?"

"Wakasema mtani anatafuta njia ya kumtoa Dokta kwenye kiti." Akakaza mikono kwenye usukani. "Walicheka kidogo. Ningefanyaje? Miezi yote hiyo nilikuwa nawaombea mfungwe, na wanajua. Siku niliyosema la maana nikawa sina wa kuniamini."

Dar nilimwuliza baba mdogo kuhusu ile simu. Alishtuka. Alikuwa na hakika kwamba nilipopiga nilishaambiwa. Aliniambia nijikaze kama mfiwa anavyoambiwa. Alikuwa amemwomba dada aniambie kabla ya adhuhuri, ili kama nikitaka kusikiliza mazishi kwenye simu, anishikie. Alikuwa ameitoa simu ya baba mfukoni makaburini kwa sababu hiyo tu, akingoja nipige. Nilipiga, na kwa kuwa sikulia wala kusema kitu, akadhani siwezi kustahimili, akakata kwa huruma.

Mama hakutaka nilizungumze. "Walikuwa na wewe, na hiyo inatosha," alisema. Nilimkubalia kwa sababu alikuwa edani, na mtu hambishii mwanamke aliye edani. Kwangu haikutosha. Walikuwa na mimi kama mtu anavyokuwa na ufunguo.

Niliporudi London msimu ulikuwa haujaisha. Kwenye kundi la simu nilikuta picha ambazo sikuzifungua mpaka nilipofika Kingsbury. Kila Jumamosi walikuwa wameshinda. Katika picha moja, nyuma ya watu waliokuwa wakirukaruka, kiti cha plastiki kilikuwa mahali pake kando ya friji, na juu ya mgongo wake palitandikwa mtandio wangu wa zambarau, umenyooshwa vizuri, pembe mbili zimeangushwa mbele kama mabega. Chini shemeji aliandika: *Dokta hayupo lakini yupo.*

Niliitazama picha hiyo muda mrefu. Kama kitambaa kilitosha, kingetosha pia siku ile. Wangenichukua chumbani, wakaniambia, wakakiacha kitambaa kishangilie.

Jumamosi nilikwenda. Nilifika mpira umeanza. Aliyenifungulia mlango aliniwekea mkono kifuani, kwa mazoea, akitaka nibaki koridoni kwa kuwa tulikuwa hatujafungwa. Aliponitambua akauondoa kama ameungua. Dada akaja mbio, akanikumbatia, akaniambia nimekonda. Shemeji alinyanyuka nusu kwenye sofa, jicho moja kwenye skrini.

"Dokta! Karibu. Afadhali. Kiti chako kipo."

"Nimefuata mtandio, shemeji."

Alicheka kidogo, akadhani natania. Nikapita kati ya magoti ya watu, nikafika kando ya friji. Mtani hakuwepo; baadaye nilijua aliacha kwenda tangu siku ile.

"Dokta, hebu ngoja," shemeji akasema, sasa akiwa amesimama wima. "Mpaka mapumziko tu. Au hata tuachie, nitakuletea mwenyewe Kingsbury msimu ukiisha. Mechi chache zimebaki. Unajua zimebaki chache."

"Huu alininunulia baba."

"Tunajua. Ndiyo maana una baraka."

Nadhani wapo walioona aibu, maana walikazia macho televisheni ambako hakuna lililokuwa likitokea. Nikautoa mtandio kwenye kiti. Ulikuwa unanuka kitunguu na mvuke wa chai yao. Nikaukunja mara mbili, nikaushika mkononi. Dada alinifuata mpaka mlangoni na bakuli la pilau lenye kifuniko, akiniita mdogo wake, akilia kama alivyolia siku ile akiwa ameshika miguu yangu. Nikamwambia sina njaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukataa chakula chake.

Lifti ilikuwa mbovu. Nikashuka kwa ngazi, na nilikuwa sijafika chini niliposikia juu yangu kelele, miguu ikigonga sakafu, na sauti ya shemeji ikipanda kuliko zote. Timu ilikuwa imefunga.

Nilisimama pale nikasikiliza mpaka wakanyamaza. Kisha nikajifunga mtandio, nikaenda kusubiri basi.